Mafua ya Baba Watoto na Waganga Wake

Mafua yakimpata mama wa nyumba, ni mafua. Anajifunga kitambaa kichwani, anaendelea kupika na kufua, siku zinapita, yameisha, na hakuna aliyejua. Yakimpata baba wa nyumba, huo ni msiba wenye kamati na mwekahazina. Ndivyo ilivyokuwa kwetu Mbagala, katikati ya masika, Ijumaa moja jioni baba watoto aliporudi kazini amelowa chapachapa, akajitupa kwenye kochi na viatu vyake, akatutangazia kwa sauti ya puani kwamba kama Jumatatu haitamkuta, kadi ya gari iko kwenye droo. Gari lenyewe tulishaliuza, lakini mgonjwa habishiwi.

Nyumba yetu haina upungufu wa watu. Yupo mama mkwe, aliyekuja kutoka Songea mwezi wa kumi na mbili kutusalimia kwa wiki mbili, na hadi mvua za masika zinaanza alikuwa bado anatusalimia. Yupo shemeji, mdogo wake baba watoto, dereva wa bodaboda, anayelala sebuleni kwa muda. Ni muda gani, hilo hajaulizwa. Yupo dada wa kazi, wapo watoto watatu, na upande wa pili wa ukuta yupo mama jirani anayeuza maandazi, ambaye si wa nyumba yetu lakini jambo hilo halijawahi kumzuia kuingia. Yupo pia wifi yangu, ambaye anafanya kazi Maskati, ila kwa jinsi anavyopiga simu ni kama yuko chumba cha pili. Wote hao wanampenda baba watoto. Hapo ndipo hatari ilipoanzia.

Wa kwanza kumfikia mgonjwa alikuwa mama mkwe na kopo lake. Ni kopo kubwa la Blue Band, la bati, la enzi zile, na linakaa juu ya kabati la nguo, chini kabisa ya paa la mabati, mahali ambapo mchana hata mjusi hakai. Ndani mna vidonge vya miaka na miaka, karibu vyote vimetolewa kwenye pakiti zao, kwa sababu pakiti, mama anasema, zinakula nafasi. Mna vyeupe vya duara, vyeupe virefu, vya njano, vya pinki, kapsuli za rangi mbili, na vijibahasha vya kaki ambavyo maandishi yake yamefutika. Mama anavijua vidonge hivyo kama anavyowajua wajukuu zake, kwa sura na kwa tabia. "Hiki cha kichwa. Hiki cha tumbo. Hivi alipewa marehemu babu yenu pale alipoanza kukohoa." Babu yetu alitutoka mjukuu wake wa kwanza akiwa hajaanza shule. Mjukuu huyo sasa yuko kidato cha pili.

Mama akachagua vyeupe, akavigeuza kwenye mwanga wa taa, akaridhika. "Panadol hizi, baba. Mbili mbili, kutwa mara tatu."

Kwenye kijibahasha kimoja wino ulikuwa haujafutika, na shemeji akasoma: 2×3. Shemeji alifaulu hesabu darasa la saba na hajatusahaulisha. "Mbili mara tatu ni sita," akasema, "kaka ameze sita." Mama akampokonya kijibahasha. Nalitaja hili kwa sababu wako watu wazima na akili zao, tena wasomi, wanaopewa alama hizo dirishani bila neno moja la maelezo, kisha wanaziendea nyumbani kwa ujuzi wa jedwali la kuzidisha. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya vidonge kwa mara moja, ya pili ni idadi ya mara kwa siku nzima. Aliyebuni mtindo huo hakuwa na mdogo wake anayefanana na shemeji.

Shemeji hakushindwa. Alitoka na pikipiki, akarudi na dawa ya mafua kutoka kwa Mangi. Mangi wetu anauza unga, sabuni, vocha na mafuta ya taa ya kupima, na pembeni ya viberiti ana boksi la dawa, ingawa kibali cha kuuza dawa hana. Huuza kwa kukata. Anachukua karatasi ya vidonge kumi, anaipitisha mkasi, unaondoka na vidonge vyako vinne. Ukitazama karatasi yenyewe utaona jina la dawa limeishia katikati, na tarehe ya mwisho wa matumizi imebaki kwenye kile kipande kilichobaki kwa Mangi. Ni mteja wa mwisho tu anayeondoka akijua kwamba wenzake wote wamemeza dawa iliyopitwa na wakati. Shemeji alijua kitu kimoja, kwamba Mangi amesema ni kimoja kutwa mara tatu, na kwamba yeye mwenyewe huwa anazitumia na kuendesha.

Kisha mama jirani akaingia na sahani ya maandazi na swali: mwili nao unauma? Baba watoto akasema unauma wote, hasa mgongo. Hakupaswa kusema hivyo. Mama jirani ana dawa za mgongo, zile ambazo nusu ya akina mama wanaoinama juu ya karai la mafuta alfajiri wanazijua, na huzigawa bila ubaguzi wa umri wala wa jinsia. Akaacha nne. Asubuhi kimoja, jioni kimoja.

Usiku huohuo wifi akapiga simu ya picha kutoka Maskati, akamwona kaka yake pua nyekundu, akalia kidogo, akakumbuka kwamba safari iliyopita aliacha pakiti ya dawa kwenye begi la watoto. Ilitafutwa, ikapatikana. Ilikuwa na maandishi ya Kiarabu upande mmoja, na hilo peke yake liliipa heshima. "Hiyo ndiyo dawa," mama mkwe akakiri, "ya Uarabuni haina mchezo. Hiyo ameze mbili za kulalia."

Sitayasimulia yote ya kundi la WhatsApp la ukoo, maana tangu mwaka 2020 ukoo ule haujapumzika kujifukiza. Itoshe kusema kwamba saa nne za usiku baba watoto alikuwa chini ya blanketi na sufuria la maji ya moto yenye majani ya mchaichai, limau na kitu kingine ambacho hakikutajwa, na kwamba alipopiga chafya sufuria lilihama. Maji yalikwenda kwenye zulia. Yangekwenda mapajani ningekuwa nasimulia kisa kingine. Shemeji, akiona mgonjwa ametetemeka, alimpa kifuniko kimoja cha konyagi cha kupashia mwili. Huenda ni viwili. Katika kutoa ushahidi baadaye alisitasita.

Jumamosi mimi nilidamkia Tandika kwenye meza yangu ya mitumba, kwa hiyo ya siku hiyo nayasema kama nilivyoyapata kwa mashahidi. Mgonjwa alimeza kila alichopewa na kila aliyempa, kwa wakati, kwa utii ambao mimi sijawahi kuuona tangu tufunge ndoa. Saa nane mchana alikuwa na kikao cha kamati ya harusi ya mtoto wa rafiki yake, na kwa kuwa yeye ni mjumbe, alisema atakwenda hata kama ni kwa machela. Shemeji alimpakia kwenye pikipiki. Njia nzima, kwa maelezo yake mwenyewe, aliendesha kwa mkono mmoja, wa pili akiwa amemshika kaka yake nyuma asidondoke, kwa sababu kaka yake alikuwa amelala.

Dawa nyingi za mafua zina chlorpheniramine, ile ile ambayo wengi tunaijua kwa jina la Piriton. Inakausha kamasi, na inalaza. Kwenye boksi huandikwa usiendeshe gari wala mitambo ukishaitumia, na shemeji, ambaye huzitumia na kuendesha, alikuwa hajawahi kuliona boksi. Alikuwa ameona vipande vya Mangi tu. Lakini hata boksi halisemi lolote kuhusu vikao vya harusi. Mwenyekiti alipofika kwenye ahadi za michango alimwuliza baba watoto kama wamwandikie laki tano. Baba watoto, aliyekuwa amesinzia ameketi, kichwa kikamwanguka mbele. Kikainuka. Kikaanguka tena. Wajumbe wakapiga makofi.

Jioni nilimkuta kitandani, na wenye nyumba wamehamia kwenye hoja nyingine. Mama mkwe alikuwa ameamua kwamba ni malaria. Kutoka chini ya kopo alikuwa amechimbua dawa mseto, na safari hii ikiwa bado kwenye karatasi yake, vidonge kumi. Dozi ya mtu mzima ya mseto ule ni vidonge 24: vinne kwa mara moja, mara mbili kwa siku, siku tatu. Nikauliza kumi na vinne vilivyokosekana vilimezwa na nani, na kwa nini huyo mtu akaacha njiani. Kimya. Shemeji akawa anachunguza dari. Ikabainika kwamba mwaka jana alipata malaria kweli, alipimwa, akapewa dawa, siku ya pili akajisikia vizuri akarudi barabarani, na zilizobaki akamkabidhi mama yake kama akiba ya familia. Nikazichukua, nikazitia mfukoni mwa gauni langu. Redioni wametuimbia miaka mingi kwamba si kila homa ni malaria, na kipimo cha haraka ni tone la damu ya kidole na kungoja robo saa au zaidi kidogo. Mama alisema yeye malaria anaiona kwa macho.

Wakati huo kwenye chumba cha watoto kulikuwa na vita nyingine, ndogo, ambayo dada wa kazi aliishinda kwa niaba yetu sote. Kitinda mimba naye alikuwa na makamasi, na mama mkwe alitaka kumvunjia nusu ya kidonge cha baba yake cha mafua. Dada alikataa. Ana umri wa miaka kumi na tisa na mama mkwe ana sabini, na kwa desturi zetu unajua uzito wa kukataa huko. Alisema, "Bibi, nisamehe, ya mtu mzima haigawanywi kuwa ya mtoto." Akamfuta mtoto pua, akamnywesha uji, akamlaza. Dawa za mafua na kikohozi hazina faida ya maana kwa watoto wadogo wa umri ule, na madhara wanayapata upesi. Hata dawa ya homa, ile ya maji, dada huipima kwa kikombe kidogo cha plastiki kilichokuja na chupa, kwa sababu vijiko vya nyumbani kwetu vinatoka seti nne tofauti: kijiko cha chai kinatakiwa kubeba mililita 5, na cha kulia wali kinabeba karibu mara tatu yake. Ukimtuma mtu "kijiko kimoja" bila kusema kipi, umempa mtoto bahati nasibu.

Jumapili asubuhi nilikaanga chapati. Baba watoto akaitazama, akageukia ukutani, akasema tumbo limechafuka.

Mtu huyu alikula chapati siku aliyong'olewa jino. Nikaona mzaha umekwisha. Nikaitisha kikao sebuleni, nikaweka sinia mezani, nikasema kila aliyempa kitu mgonjwa tangu Ijumaa aweke hapa kile alichompa, au hata karatasi yake. Wakaja mmoja mmoja, kila mtu na moyo mweupe. Mama aliweka vyeupe vyake. Shemeji aliweka kipande cha Mangi. Mama jirani aliitwa dirishani, akapitisha karatasi ya dawa ya mgongo. Pakiti ya Maskati ikaletwa. Kila mmoja alisema maneno yaleyale, kwamba mimi nimempa kitu kidogo tu. Na ilikuwa kweli.

Nikalibeba sinia lile na kanga juu yake hadi Duka la Dawa Muhimu la mtaa wa pili. Mama mkwe alinifuata, kwa sababu aliona napeleka mashtaka na alitaka kuwepo kujitetea.

Dukani yupo dada mmoja wa koti jeupe. Cheti chake cha mafunzo na kibali cha duka vimetundikwa ukutani nyuma yake, mahali ambapo anayetaka kusoma anasoma. Alimwamkia mama, akaitikiwa, kisha badala ya kuuliza nataka nini akaanza kuuliza habari za mtu ambaye hayupo. Mgonjwa ni nani, ana miaka mingapi, mwili wake mkubwa au mwembamba. Ana presha, sukari, vidonda vya tumbo, aliwahi kuumwa ini. Anakunywa pombe. Amekwisha kutumia nini. Hapo nikafunua kanga.

Hakucheka, na kwa hilo namshukuru. Alichukua kimoja kimoja, akaviinua karibu na macho, akasoma yale maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa. Mimi kama watu wote nilikuwa nasoma jina kubwa, lile la rangi, ambalo kiwanda kimelichagua ili likae kichwani. Chini yake, kwa herufi za sisimizi, ndipo wanapotaja kilichomo. Vidonge vyeupe vya mama: paracetamol, miligramu 500, kama kweli ndivyo, maana bila pakiti alisema anakisia kutokana na alama iliyochorwa juu ya kidonge. Kipande cha Mangi: herufi zilizosalia zilitosha; chlorpheniramine, kitu cha kuzibua pua, na paracetamol 500. Dawa ya mgongo: diclofenac 50, na paracetamol 500. Pakiti ya Maskati, ile isiyo na mchezo, jina lake Adol, imetengenezwa Falme za Kiarabu: paracetamol 500, basi, hakuna kingine. Akaongeza kwamba kama tungekuwa na ndugu Marekani angetuletea Tylenol imeandikwa acetaminophen, nayo ni hiyohiyo.

Akapindua kijibahasha cha kaki akaandika hesabu ya Jumamosi. Mama, sita. Shemeji, vitatu. Jirani, viwili. Wifi, viwili. Jumla vidonge 13, miligramu 6,500. Mtu mzima mwenye afya hapaswi kuzidisha miligramu 4,000 kwa saa 24, yaani vidonge vinane, tena kwa kuachanisha saa nne hadi sita, na aliyekunywa pombe ndiye wa kuogopewa zaidi. "Hakuna aliyekosea sana," alisema. "Mmekosea kwa pamoja."

Nikamwomba anipe kitu cha kuzuia kichefuchefu. Akakataa kuniuzia. Mimi ni mfanyabiashara, najua inavyouma kumwacha mteja aondoke na hela yake, na nilimtazama upya. "Sikuuzii kitu. Mpeleke hospitali sasa hivi, usisubiri aseme anaumwa ubavu." Akaeleza kwa nini. Paracetamol ikizidi inaharibu ini, na ini halisemi upesi. Siku ya kwanza mtu ana kichefuchefu tu, au hana kitu. Siku ya pili anaweza kuonekana amepata nafuu, nyumba nzima mkashangilia, na kumbe ndipo ini linapoumia. Dawa ya kuzuia madhara ipo, acetylcysteine, lakini thamani yake kubwa ni kwa anayewahi. Baada ya macho kuwa ya njano umeshachelewa.

Tukaenda. Walimchukua damu, wakapima ini, wakapima na malaria kwa kuwa mama alisisitiza. Malaria hakuna. Ini lilikuwa salama. Walimweka chini ya uangalizi na kumrudia kipimo kabla ya kumruhusu, na dawa waliyomwandikia ni kuacha dawa. Mafua ni ya virusi, daktari alisema, yatakaa karibu wiki na yataondoka yenyewe. Homa ikipanda atumie paracetamol, ya chanzo kimoja, na anayempa awe mtu mmoja. Baba watoto alionekana ameonewa. Mtu aliyekwisha kugawa kadi ya gari hapendi kuambiwa anywe maji na alale.

Mimi nilidhani kisa kimeishia hapo. Lakini yule dada wa koti jeupe, wakati tunakimbilia hospitali, alikuwa amemwona mama mkwe akichukua ile karatasi ya dawa za mgongo kwenye sinia na kuifunga kwenye pindo la kanga yake. Tulipopita kumpa majibu, akamwuliza taratibu, "Mama, zile za mgongo ni za nani?"

Mama alisema ni za goti. Goti lake la kushoto, tangu Januari, jirani humpatia kimoja asubuhi na kimoja jioni. Dada akauliza kama mama anatumia dawa nyingine. Ndiyo, za presha. Na presha inaendeleaje? Hapo nikajibu mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayempeleka kliniki na kubeba daftari lake: tangu mwezi wa pili imegoma kushuka, wakamwongezea kidonge, ikagoma, tukaacha chumvi, tukaacha dagaa wa kukaanga, nyumba nzima ikala chakula kisicho na ladha kwa ajili ya presha ya mama, nayo iko palepale.

Diclofenac na ndugu zake wote wa kundi hilo hubakiza chumvi na maji mwilini. Hupandisha presha, na hupunguza nguvu ya dawa nyingi za presha zilizomezwa kando yake. Kwa mtu wa umri wa mama, akizitumia mfululizo, figo nazo huchoka, na tumbo linaweza kufanya kidonda kinachovuja damu bila hata kuuma kwanza. Kule kliniki waliuliza kila mara kama kuna dawa nyingine anayotumia, na kila mara mama alijibu hapana. Nilipomwuliza kwa nini, alishangaa swali. "Zile si dawa, mwanangu. Zile ni za jirani."

Hilo nimelifikiria kuliko hata lile la ini. Kwa mama, dawa ni kitu kinachotoka dirishani kwa mtu wa koti jeupe. Kinachopita juu ya ukuta pamoja na maandazi ni upendo, na upendo hauandikwi kwenye daftari la kliniki. Tumekazana kuwaonya watu juu ya dawa bandia, na ni haki: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati karibu bidhaa moja kati ya kumi za tiba ni bandia au haina ubora, na Oktoba 2022 likatoa tahadhari juu ya dawa nne za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na sumu za viwandani, baada ya watoto wengi kufa kwa figo kushindwa. Ndiyo maana dawa ya maji ya mtoto mimi siinunui stendi wala kwenye daladala hata muuzaji akiapa kwa mama yake. Lakini zile zilizokuwa kwenye sinia langu, kadiri dada yule alivyoona, zilikuwa dawa halali. Ubaya wake ni kwamba kila moja ilikuwa na mzazi wake, na hakuna aliyekuwa anahesabu watoto wote.

Mama hakufurahi kufundishwa. Alisubiri dada amalize, akajiweka sawa kanga, akasema, "Mwanangu, maduka haya unayoyaona yalianzia kwetu Ruvuma, mwaka 2003. Wewe ulikuwa hujavaa sare." Na ni kweli, hata dada alikubali: ule mpango wa kuyafuta maduka ya dawa baridi, kuwapa wauzaji mafunzo na kuwaidhinisha kuuza orodha maalumu ya dawa, ulianza huko kabla ya kusambaa nchini. Mama alisimulia jinsi alivyoliona la kwanza Songea likifunguliwa, rangi yake, hata mafuta aliyojipaka muuzaji. Dada alimsikiliza hadi mwisho, akampa kiti. Nadhani ndipo alipompata.

Kesho yake kopo lilishushwa. Mama alilibeba mwenyewe, hakukubali msaada, likamwagwa kwenye karatasi nyeupe juu ya meza ya duka. Kilichokuwa hakina pakiti kiliwekwa kando cha kuteketezwa, bila rufaa. Kilichokuwa na pakiti kilisomwa tarehe. Mama alijifunza kwamba iliyoandikwa mwezi bila siku inatumika hadi mwezi ule uishe, na akalirudia hilo kwa sauti mara kadhaa kwa faida ya waliokuwa kwenye foleni. Kapsuli za babu zilileta mzozo. Mama alisema za babu haziendi popote, si za kumeza, ni za kumkumbukia. Dada akafikiri, akazitia kwenye chupa ndogo, akaifunga kifuniko kwa gundi ya karatasi na kuandika juu yake ZISIMEZWE. Kuhusu goti alimpa mafuta ya kuchua na barua ya kupeleka kliniki, na kwenye barua aliorodhesha kila kitu, pamoja na vya jirani.

Presha ilipoanza kushuka mama aliichukulia kama sifa yake mwenyewe. Sasa asubuhi akimaliza chai anaaga anakwenda "kazini", na kazini ni kile kiti cha pale dukani. Juzi nilipita kununua chumvi za kurudisha maji mwilini mtu anapoharisha, zile za pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, nikakuta kijana ameegemea dirisha, ameshika noti.

"Nipe kapsuli za rangi mbili za jero, nina mafua."

Kabla dada hajainua kichwa, sauti ikatoka kwenye kiti. "Za nani? Ana miaka mingapi? Anatumia dawa gani nyingine, pamoja na za jirani?"

Kijana akamwangalia mama, akamwangalia dada. "Samahani, huyu bibi ni mfanyakazi hapa?"

"Mwulize yeye," dada akasema, akiendelea kuhesabu vidonge vya mtu mwingine.

"Mafua ni virusi," mama akasema. "Rangi mbili haiui virusi. Ukitaka tangawizi, duka la Mangi lile pale. Lakini dawa zake usiguse."